Chafya Katika Nchi ya Wima

Jinsi nilivyofika Wima si jambo la kusimulia. Njia ya kwenda huko ni ndefu na inachosha kama njia nyingine yoyote. Nitaeleza tu niliyoyakuta, kwa sababu niliyaona kwa karibu, na mengine niliyagusa kwa mikono yangu.

Niliitwa kwa ajili ya mikono hiyo. Nilikuwa nimemaliza chuo cha Ayurveda, ile tiba ya kale ya Wahindi, na kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya vichwa na shingo: kumlaza mtu ambaye kichwa kinambana kana kwamba kimefungwa kamba, kumpaka mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, na kusubiri mpaka mabega yake yashuke yenyewe. Ni kazi isiyodai maneno mengi, nami si mtu wa maneno mengi. Tangu utotoni, mtu akinisemesha ghafla macho yangu hukimbilia chini, na kichwa huyafuata. Walimu waliita haya. Shangazi zangu waliita adabu. Kwetu tabia hiyo haikuwahi kunidhuru.

Langoni mwa Wima nilipokewa na mlinzi mrefu aliyevaa ukosi mgumu wa ngozi ulioishia chini ya masikio. Hakunitazama usoni. Alitazama moja kwa moja mbele, juu ya kilemba changu.

"Wewe ndiye tabibu wa shingo, Siwema?"

"Ndiye mimi, baba."

"Na umekuja kuifanya shingo ya Shahidi Mkuu iiname kabla Baraza halijakaa?"

Sikulielewa swali. Lakini alikuwa mtu mzima, na sauti yake ilikuwa nzito, nami nikatazama chini.

"Amekubali," akasema mlinzi kwa sauti ya juu.

Wenzake wawili waliosimama nyuma yake wakaitikia, "Tumeona. Amekubali."

Ndivyo nilivyojifunga siku ya kwanza, hata viatu vyangu havijakung'utwa vumbi.

Sheria ya Wima ni fupi, na kila mtoto anaijua: kichwa kilichoshuka kimekubali. Niliambiwa kwamba zamani watu wa nchi hiyo walichoshwa na uongo. Mtu aliahidi leo na kesho akakana. Wakaamua kwamba maneno ni rahisi mno, na kwamba kiungo kisichodanganya mwilini ni shingo. Tangu hapo ahadi, mauzo, ndoa na hukumu vyote hufungwa kwa kushusha kichwa mbele ya mashahidi. Sikuona ubaya wa mwanzo huo. Ubaya ulikuja baadaye, polepole, pale watu walipogundua kwamba kichwa hushuka kwa sababu nyingi. Mzee alisinzia kibarazani akaamka amepata mke. Mama alimfunga mwanawe kamba za viatu, akapoteza nusu ya ua kwa jirani aliyekuwa anapita akiuliza. Hakimu alipoombwa awahurumie alisema sheria haina sehemu ya viatu.

Basi watu wakaacha kushusha vichwa. Wakaacha hata kuvigeuza, kwa kuwa kichwa kinachogeuka kinaweza kuteleza kikashuka. Mtoto akianza tu kutembea huvishwa ukosi wa gome la mti. Chakula huliwa kwenye meza zinazofika kidevuni, na watu huketi kwa safu, wote wakielekea upande mmoja, kwa hiyo mume na mke wanaweza kula pamoja miaka mingi huku kila mmoja akiutazama ukuta. Hakuna supu, kwa sababu supu inataka mtu ainamie bakuli. Wanakula mikate mikavu na maharagwe yaliyopoa. Sokoni muuzaji humwinulia mnunuzi nyanya mpaka usawa wa macho. Na kwenye kila njia panda yupo mtumishi wa serikali aitwaye Mtazama Pembeni, ambaye kazi yake ni kuangalia kulia na kushoto kwa niaba ya wananchi. Hao hutoka katika familia ambazo hakuna anayezisalimia. Inasemekana kwamba wamekwisha kukubali kila kitu.

Kuinua shingo hivyo kutwa nzima kunauma. Ilipofika adhuhuri niliwaona watu wameegemea kuta, macho wameyafumba, vidole vimekandamiza panda za uso, wakingoja maumivu ya kichwa yapite. Mimi nilitaka kwenda kwa kila mmoja na chupa yangu ya mafuta. Lakini huko maumivu hayo yamekuwa heshima. Wakikutana njiani husalimiana hivi:

"Kichwa?"

"Kizito."

"Hongera."

Kadiri mtu anavyopanda cheo ndivyo kichwa chake kinavyotarajiwa kuwa kizito, na wakubwa hufunga kitambaa cheupe kwenye paji ili wananchi wajue. Fundi cherehani mmoja aliyenishonea mkoba alininong'oneza kwamba siku hiyo kichwa chake kilikuwa chepesi kabisa.

"Usimwambie mtu, dada," akasema. "Nina watoto wanaosoma."

Nilipelekwa nyumbani kwa Shahidi Mkuu, Bi Tamilwa. Huyu ndiye mtu ambaye shingo yake hufunga sheria za nchi nzima. Baraza likishajadili, hoja haiwi sheria mpaka yeye ashushe kichwa. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mgongo mrefu, mwanamke wa makamo, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Pembeni yake alisimama mdogo wake, Mwaju, mkono mmoja juu ya bega la dada yake. Cheo cha Mwaju ni Mshika Bega. Hukaa ubavuni mwa Shahidi wakati wote, huketi naye kwenye safu moja, hutembea naye sambamba, naye ameapa kutazama mbele tu na kutoa taarifa ikiwa kichwa cha Shahidi kitashuka hata mara moja.

"Ndiye huyu?" akauliza Bi Tamilwa. "Sauti yake haijatoka."

"Ndiye, dada. Yuko mlangoni, nadhani. Nasikia anavyopumua kwa woga."

"Karibu, mwanangu. Usiogope. Mimi ndiye ninayepaswa kuogopa, maana wewe ndiye mwenye mikono."

Nilipiga magoti mbele yake nikaushika mkono wake, vidole vyangu vitatu juu ya mshipa, kama nilivyofundishwa. Mapigo yalikuwa membamba na ya kurukaruka. Walimu wangu waliiita hali hiyo vata, upepo wa mwili, ambao hupanda na kukaa shingoni mtu akila vikavu na vya baridi, akikesha, na akizuia mambo ambayo mwili unataka kuyatoa. Nikamuuliza anakula nini. Nikamuuliza kuhusu usingizi na choo. Mwishoni nikamuuliza swali ambalo chuoni tulilicheka tuliposikia mara ya kwanza.

"Mama, huwa unapiga chafya?"

Mwaju akacheka kidogo puani.

"Chafya?" akasema Mwaju. "Chafya inakipeleka kichwa chini, binti. Mtu akipiga chafya barazani ndiyo ameshakubali hoja iliyo mezani. Kuna mwaka tulipata vita kwa ajili ya pilipili manga."

"Basi mnafanyaje?"

"Tunazibana," akasema Bi Tamilwa. "Unabana pua kwa ndani, unakaza shingo, inarudi ilikotoka. Nimefanya hivyo tangu nilipovishwa cheo. Zipo humu ndani zote. Wakati mwingine nazisikia."

Vitabu vya Ayurveda vinasema wazi kwamba anayezuia chafya hukaza shingo na kubanwa na kichwa. Nilikuwa nimeyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani. Sikujua kwamba ningekutana na nchi nzima inayoyaishi.

Nikaweka mikono nyuma ya shingo yake. Ilikuwa ngumu kama mchi, lakini chini ya ugumu ule misuli ilikuwa ikitetemeka, na hilo lilinishangaza. Shingo iliyoganda kwa mazoea haitetemeki. Inayotetemeka ni ile inayoshikilia kitu.

"Mama," nikasema, "unazuia nini zaidi ya chafya?"

Mkono wa Mwaju ulikaza begani, kisha ukalegea, kama anayempa ruhusa.

Ndipo Bi Tamilwa akanieleza. Baraza lilitaka kujenga barabara iliyonyooka kabisa, isiyo na kona, ili waheshimiwa watembee toka mwanzo wa nchi hadi mwisho bila haja ya kugeuza kichwa. Barabara hiyo ingepita katikati ya Bonde la Ufuta, na watu wa huko wangehamishiwa kwenye mawe upande wa pili wa mlima. Wajumbe walikwenda kuwauliza watu wa bondeni. Waliwakuta shambani, wanavuna.

"Na wanaovuna huinama," akasema Bi Tamilwa. "Waliuliza swali wakahesabu vichwa vilivyoshuka. Wakarudi wakasema bonde lote limekubali, tena kwa moyo, maana waliinama kutwa. Imebaki shingo yangu tu. Hoja ilipoletwa mara ya kwanza niliikaza. Nikasema nitaikaza kidogo, mpaka wachoke. Hawakuchoka. Nami sasa hata nikitaka kuilegeza siwezi."

"Si ungesema kwamba hutaki?"

"Mdomo wa Shahidi haupokewi, mwanangu. Mdomo unadanganya. Ni shingo tu, na shingo ina neno moja. Ama inasema ndiyo, ama haijasema bado."

Nilirudi chumbani kwangu siku hiyo na moyo mzito. Nilikuwa nimekubali langoni, mbele ya mashahidi, kuifanya shingo ile iiname. Nikimponya, watu wa bondeni wanapoteza mashamba. Nisipomponya, mama huyu ataendelea kukaa kwenye kiti kile huku macho yake yakififia, kwani alikuwa ameanza kuona ukungu. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha kwamba maumivu ya mtu yanaweza kuwa ukuta ambao watu wengine wanajificha nyuma yake.

Kabla sijaanza tiba niliitwa barazani ili wajumbe wajadili uhalali wake. Spika alikuwa Mheshimiwa Rubengo, mwenye kitambaa kipana kuliko vyote kwenye paji lake. Wajumbe waliketi safu nyuma ya safu, kila mmoja akitazama kisogo cha aliye mbele.

"Swali ni hili," akasema Spika. "Mkono wa mgeni ukikishusha kichwa cha Shahidi, aliyekubali ni nani?"

Mjumbe mmoja akasema aliyekubali ni mkono. Mwingine akasema kama ni hivyo, mkono wa mgeni utakuwa umetunga sheria, na itabidi mkono huo upewe uraia. Wa tatu akasema aliyekubali ni mafuta, kwa kuwa bila mafuta mkono usingeweza kitu.

"Mafuta yenyewe yanatoka wapi?" akauliza Mzee Ntalima, mjumbe mkongwe aliyekuwa amekaa safu ya mbele, na ambaye ukosi wake ulikuwa umepauka kwa umri.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ni ya ufuta, nimeyanunua sokoni, na muuzaji aliniambia yanatoka bondeni.

"Basi watakuwa wamekubali mara ya pili," akasema yule wa tatu, na wajumbe wakanung'unika kwa kuridhika.

Spika akaniuliza ni nini kilichoikaza shingo ya Shahidi. Mimi si mjuzi wa baraza. Nimezoea kujibu ninachoulizwa. Nikasema ni vyakula vikavu, kukesha, na chafya zilizozuiwa.

"Na chafya," akasema Spika taratibu, "katika tiba yenu ina dawa?"

"Ipo dawa ya matone ya mafuta puani, Mheshimiwa. Inafungua kichwa. Lakini hutolewa mwishoni, baada ya shingo kulainika."

"Nayo humfanya mtu apige chafya?"

"Mara nyingine, Mheshimiwa."

Sikuweza kuuona uso wake vizuri kutoka nilipokuwa, ila niliona kitambaa kikipanda kidogo kwenye paji, kama mtu aliyeinua nyusi. Wakaamua kwamba tiba iendelee nyumbani, mbele ya Mshika Bega aliyeapa, na kwamba matone ya puani yatolewe barazani, siku ya kura. Nilipotoka nje nilikuwa nimekwisha kuelewa nilichowapa.

Nikaanza kazi, kwa sababu mama yule alikuwa anaumwa na mimi sikuweza kumwona anaumwa nikakaa. Kwanza nilimwomba Mwaju apike mchuzi wa choroko wenye samli na tangawizi, alishike bakuli usawa wa midomo ya dada yake. Nikapasha mafuta, nikamwanzia miguuni, maana kichwa kinachobana hufunguliwa kutokea mbali. Nikapanda mgongoni, mabegani, kisha nikakanda shingo pembeni mwa uti kwa vidole gumba, polepole, bila kulazimisha. Nikafunga majani ya mnyonyo kwenye kitambaa, nikayapasha kwenye mafuta, nikayabonyeza pale misuli inaposhikana na fuvu. Paji la uso nililipaka tangawizi kavu iliyosagwa na maji ya moto. Mwishoni nikamlaza chali, nikatundika chungu chenye tundu juu ya paji lake, na mafuta vuguvugu yakateremka kama uzi, yakitembea kutoka panda moja hadi nyingine.

Tulifanya hivyo kila asubuhi. Akaanza kulala. Ukungu machoni ukapungua. Nilipoishika shingo yake kuigeuza, niliianza upande, kidogo kulia, kidogo kushoto, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa: shingo iliyoganda isianze kuinamishwa, ianze kugeuzwa. Ilitoa mlio kama wa kuni kavu, naye akashtuka.

"Hii ni nini?"

"Ni kugeuka tu, mama. Hakuna kibaya."

"Sikumbuki kama inaweza hivi," akasema.

Asubuhi moja, mafuta yalipokuwa yanateremka, niliona pua yake inakunjamana. Akaanza kukaza. Niliweka kiganja kwenye paji lake nikasema, "Mama, iache itoke." Machozi yakamtangulia. Kisha akapiga chafya kubwa mpaka chungu kikayumba, na mwili wote ukainuka kutoka kwenye ubao, kichwa kikaja mbele, kidevu kikagusa kifua. Ikafuata nyingine, na nyingine. Mimi kwa mazoea ya kwetu nikasema, "Afya."

Kisha nikakumbuka tulipo. Mwaju alikuwa amesimama pale pale kando ya ubao, mkono hewani, macho ameyakaza ukutani. Kiapo chake kilikuwa cha kutoa taarifa.

"Mimi natazama mbele," akasema Mwaju. "Sikuona kitu. Nimesikia tu paka."

Bi Tamilwa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alijigusa kichwa kwa vidole kama anayetafuta kitu kilichopotea.

"Kiko kama nyumba iliyohamwa," akasema. "Mwanangu, nitawaambiaje watu wakinisalimia?"

Hakuwa na furaha muda mrefu. Siku ya Baraza ilikuwa imekaribia, na shingo iliyolegea haikuwa tena na pa kujificha. Tone moja puani, na bonde limekwisha.

Ukumbi ulijaa. Bi Tamilwa aliketi kwenye kiti chake mbele ya wote, Mwaju ubavuni mwake, mkono begani. Mimi niliwekwa mbele yao nikiwaelekea, na kichupa cha matone mkononi. Wazee wachache wa bondeni walikuwa wamesimamishwa mlangoni, vichwa vyao vimeinuliwa kwa mikono yao wenyewe, videvu wamevishika, wasije wakakubali tena. Nilipowaona nilitamani ardhi inifunike.

Spika alisoma hoja. Kisha akasema, "Tabibu. Ulikubali langoni, na mashahidi wapo, kwamba utaifanya shingo hii iiname. Weka dawa."

Niliukunja mkono wangu kwenye kichupa. Nilitaka kusema neno, lakini huko mdomo haupokewi.

"Unasikia, binti? Unakubali kuimaliza kazi uliyoianza?"

Watu wote walikuwa wananitazama. Nilihisi macho yangu yanaanza kukimbilia chini kama siku zote, na kichwa kinajiandaa kuyafuata. Nyuma yangu nikasikia mtu akivuta pumzi kusema "Tumeona". Ndipo vidole vyangu, ambavyo siku zote hizo vilikuwa vikiishika shingo ya mama yule, vikanikumbusha njia nyingine ambayo shingo inajua. Nikakigeuza kichwa changu kulia. Nikakigeuza kushoto. Nikarudia, taratibu, kama ambavyo ningefanya nyumbani shangazi akiniuliza kama nitaongeza chai.

"Amefanya nini?" akauliza Spika.

"Amepatwa na upepo," akasema mjumbe mmoja.

"Ni nusu ya kukubali," akasema mwingine. "Kichwa kimeanza safari, hakijafika."

"Nusu ipi? Ya kulia au ya kushoto?"

Mzee Ntalima akakohoa. "Waheshimiwa," akasema, "mimi nimewahi kuiona. Nilipokuwa mdogo, nikinyemelea mnofu jikoni kabla ya chakula, bibi yangu alikuwa akinifanyia hivyo. Kichwa kinakwenda huku, kinakwenda huku." Akaongeza, "Na mnofu sikuupata."

Spika alianza kuuliza sheria inasemaje kuhusu bibi, lakini sauti yake ilikatika. Bi Tamilwa alikuwa ameegemeza mikono kwenye kiti. Alikuwa ananitazama mimi. Kisha Shahidi Mkuu wa Wima, mbele ya Baraza lote, akakigeuza kichwa chake upande wa kulia. Shingo ikalia. Ukumbi mzima uliisikia. Akakirudisha, akakipeleka kushoto, na huko kushoto kikasimama, kwa sababu ndiko alikokuwa Mwaju.

Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu sana.

"Mwaju," akasema. "Una mvi."

"Siku nyingi, dada," akajibu Mwaju, bado anatazama mbele, machozi yanamtiririka hadi kwenye ukosi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Bi Tamilwa akamalizia kukirudisha kichwa kulia. Mlangoni, wazee wa bondeni wakaachia videvu vyao.

Baraza halikufungwa siku hiyo wala siku iliyofuata. Walitafuta sheria ya kichwa kilichogeuka wakakosa. Bi Tamilwa wakamvua cheo, kwa kosa la kutazama pembeni, naye alikivua kitambaa cha paji mwenyewe akakikunja akampa Mwaju apangusie sufuria. Ikabidi ateuliwe Shahidi mwingine wa kuipitisha barabara. Wajumbe wakajitokeza wengi. Kila mmoja aliambiwa ashushe kichwa kwa majaribio, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba katika Baraza zima hapakuwa na shingo hata moja inayoweza kuinama. Barabara ikaishia ukingoni mwa bonde. Niliiona kabla sijaondoka: nyeupe, imenyooka, na mbele yake ufuta umesimama.

Kabla ya safari Mheshimiwa Rubengo alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakuketi.

"Kinaniuma, binti," akasema. "Tangu nilipokuwa kijana."

"Lala hapa, baba."

"Kitainama?"

"Kitaanza kwa kugeuka."

Alifikiri, kisha akalala. Nilikipokea kichwa chake kwenye viganja vyangu. Kilikuwa na uzito uleule wa vichwa vingine vyote nilivyowahi kushika. Nilimfundisha Mwaju namna ya kupasha mafuta na kukanda, ili amalizie nitakapokuwa nimeondoka.

Langoni nilimkuta mlinzi yule yule. Aliniuliza kama nakubali kwamba nimeondoka kwa hiari yangu, nami nikamjibu kwa mdomo, nikiwa nimemtazama usoni, jambo ambalo lilinigharimu jasho. Alikuwa anafikiria kama jibu hilo linapokewa, mara pua yake ikakunjamana. Akaikaza shingo. Akabana. Vumbi la njiani lilikuwa jingi, chafya ikamshinda, ikatoka kwa nguvu, na kichwa chake kikashuka mpaka ukosi ukafunguka.

Alibaki ameinama hivyo, hathubutu kuinuka, akingoja kusikia amekubali nini.

"Afya," nikamwambia.

Akainua macho. "Ndiyo nini?"

"Kwetu mtu akipiga chafya huambiwa hivyo. Basi. Hadaiwi kitu."

Aliufikiria ule ukosi uliofunguka, akaushika, akauacha. Kisha akageuza kichwa taratibu kutazama kama kuna aliyeona. Wenzake wawili walikuwa wanatazama mbele.

"Pita, mwanangu," akasema.